Wimbo umeukariri, maneno hujayajua

"Mwalimu, Gracias a la vida nimeushika wote, nipe wimbo mwingine." Nimeyasikia haya mara nyingi mno nikifundisha Kihispania, na jibu langu ni lile lile: bado.

Wiki iliyopita mwanafunzi aliniimbia beti zote sita za wimbo huo wa Violeta Parra wa Chile, "Asante kwa maisha", uliotoka 1966, bila kukosea hata neno. Nikamwambia, "Estoy cansado", nimechoka. Kimya. Neno hilo alikuwa amelitamka muda si mrefu, kwenye "pies cansados", miguu iliyochoka. Ikabidi aurudie ubeti wa nne kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, mpaka akalifikia. Huyo ameshika tuni, neno limebaki limefungwa humo ndani. Msamiati ni neno unaloweza kulichomoa kwenye wimbo ukaenda nalo jikoni au dukani. Ndiyo maana nasisitiza, na sitaacha kusisitiza: chukua maneno matano tu kwa kila ubeti, yavuruge mpangilio, kisha kila moja litungie sentensi ya siku yako mwenyewe. Mwanamke ataandika "estoy cansada", kwa -a ya kike, na upatanisho atakuwa ameuanza hapo hapo.

Halafu kuna wanaotafsiri kwa kufananisha. Wakiona "me ha dado" ya mstari wa kwanza hudhani "me" ni ile -me- yetu. Sivyo. Hiyo ni -ni- ya "yamenipa", yaani maisha yamenipa. Wakati timilifu umekaa kwenye "ha dado". Mstari unaofuata wa ubeti wa kwanza unasema "me dio", yalinipa. Tofauti ya -me- na -li- unayo tangu utotoni, ianzie hapo. Na "luceros", ambayo kamusi itakwambia ni nyota zing'aazo, hapa ni macho. Ndiyo maana mwimbaji anasema anayafungua.

Eti nyimbo za tafakuri hazimfai anayeanza? Zinamfaa kuliko zote. Anayejitazama moyoni huimba miguu, moyo, nyumba, kicheko na kilio, tena kwa nafsi ya kwanza, na mara nyingi haharakishi. Hayo ni maneno ya mwezi wa kwanza wa kujifunza.

Kuhusu matamshi, "corazón", moyo, huko Chile ni kwa s, na sehemu kubwa ya Uhispania ni kwa th ya "thelathini". Zote sahihi, chagua moja ubaki nayo. Lakini v ya "vida" si ya "vita": tumia midomo yote miwili, karibu na b.