Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na pawa saplai

Mwezi uliopita kijana mmoja alinifuata Kariakoo akiwa amebeba maboksi mawili. "Shikamoo fundi," alisema, nami nikamwitikia na kumkaribisha kiti. Katika boksi la kwanza kulikuwa na kadi ya grafiki aliyoinunua kwa akiba ya miezi mitano, na katika la pili kompyuta nyembamba ya ofisini, ya mtumba, aliyoichukua wiki moja baadaye. Aliomba nimfungie kadi tu, maana kazi nyingine alidhani imekwisha. Nilifungua kasha nikaiweka kadi juu ya nafasi yake bila kuisukuma, naye akaona kwa macho yake kwamba bamba la nyuma la kadi lilikuwa na kimo cha karibu mara moja na nusu ya nafasi iliyopo. Hata kama ingeingia, kadi ile ilidai waya wa umeme wa pini 6, na pawa saplai ya kompyuta ile, yaani kiboksi kinachogawa umeme ndani yake, haikuwa na waya wa namna hiyo hata mmoja. Vifaa vyote viwili vilikuwa vizima, na vyote viwili vilistahili pesa aliyovitolea, ila havikuwa vya kukaa pamoja.

Ninaandika kwa ajili ya wale wanaotaka kununua na bado hawajanunua. Wengi huanza na prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa sababu stika yake ndiyo iliyobandikwa mbele ya kompyuta, kisha hutafuta kadi, na pawa saplai huikumbuka mwishoni, au hawaikumbuki kabisa. Mimi huenda kinyume: naanza na gemu na monita, kisha naitazama pawa saplai, na hiyo ndiyo inayoniambia ni kadi ipi inaruhusiwa kuingia ndani ya kasha.

Gemu na monita huenda pamoja kwa sababu kazi ya kadi ni kuchora piseli, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Monita ya Full HD ina piseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili, na kadi inayochora picha 60 kwa sekunde inalazimika kuzijaza piseli zote hizo mara 60. Monita za mtumba za piseli 1366 kwa 768, ambazo bado zimejaa madukani, zina piseli milioni moja na kidogo tu, yaani nusu ya kazi. Kwa hiyo kadi inayoonekana kuelemewa kwenye Full HD inaweza kuchezesha gemu ile ile bila kukwama kwenye monita ndogo uliyo nayo nyumbani, na pesa ya monita mpya ikabaki kwa mambo mengine. Anayecheza Valorant, Counter-Strike 2, EA Sports FC au GTA V, na kwa wateja wangu hao ndio wengi, hahitaji kadi kubwa. Anayetaka gemu nzito zilizotoka mwaka huu namwambia wazi kwamba ni afadhali asubiri aongeze akiba.

Kwa bajeti ya chini ya shilingi milioni moja, njia ninayoiamini ni kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Kampuni za nje zinapobadilisha vifaa vyao, kompyuta hizi huingia kwetu kwa wingi, na kila moja inakuja na prosesa, madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), RAM (kumbukumbu ya muda) na pawa saplai vilivyotengenezwa kudumu miaka mingi ya kazi. Tatizo ni kwamba modeli moja huwa na maumbo kadhaa. OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, kwa mfano, ilitoka katika umbo la mnara lenye pawa saplai ya wati 260, umbo jembamba lenye pawa saplai ya wati 200, na umbo dogo kabisa linalotumia adapta kama ya laptop. Jina mbele ni lile lile, na hata prosesa inaweza kuwa ile ile, lakini mnara hupokea kadi ya kimo cha kawaida, jembamba hupokea kadi fupi peke yake, na dogo halipokei kadi yoyote. Muuzaji akikwambia kwa simu "ni 7060, i5", bado hajakwambia unachohitaji kujua. Mwombe picha ya kasha likiwa wazi.

Katika picha hiyo tazama pia plagi za pawa saplai. Madabodi za kawaida huchukua plagi ya pini 24, ilhali nyingi ya kompyuta hizi za ofisini za miaka ya karibuni zina plagi zake zenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haitaingia moja kwa moja ukitaka kubadilisha baadaye. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati zisizozidi 75, na kadi yoyote inayotaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake. Kwa kuwa waya huo kwa kawaida haupo kwenye kompyuta hizi, unabaki na kadi zinazoishi kwa wati 75 au pungufu. Chukua mnara wenye prosesa ya Intel Core i5-8500 iliyopangiwa wati 65, ongeza kadi ya wati 75, kisha uachie madabodi, RAM, diski na feni wati 40: umefika 180, na pawa saplai ya 260 inabeba hayo hata prosesa ikizidisha kidogo kwa muda mfupi.

Nimeitaja i5-8500 kwa makusudi. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache, inazikubali rasmi za Intel kuanzia kizazi cha nane. Maana yake ni kwamba i5-7500 ya kizazi cha saba na i5-8500 ya kizazi cha nane, ambazo dukani hutofautiana bei kwa kiasi kidogo, ziko pande mbili za ukuta mmoja. Tena ya saba ina viini vinne na ya nane ina viini sita, jambo linaloonekana wazi katika gemu zenye watu na magari mengi. Usidanganyike kwamba utanunua ya saba leo na kubadilisha prosesa kesho: zote mbili hutumia soketi inayoitwa LGA1151, lakini madabodi ya kizazi cha saba haiwashi prosesa ya kizazi cha nane. Mchezaji wa Valorant ana sababu ya ziada, kwa kuwa kwenye Windows 11 gemu hiyo hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa.

Sasa kadi yenyewe. Miongoni mwa zinazoishi bila waya, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo ya chini ninayoikubali, GTX 1650 ya mwaka 2019 ndiyo ninayoifunga mara nyingi, na RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024 na kutumia wati 70, ndiyo bora ukiimudu. Igeuze 1650 uitazame ubavuni kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya matoleo yake yameongezewa tundu la pini 6. RX 6400 inavutia kwa kuwa ni fupi na hutumia wati 53 tu, na kwenye kasha jembamba naipendekeza, lakini inawasiliana na madabodi kwa njia nne tu za PCI Express. Kwenye madabodi mpya za PCI Express 4.0 hilo halisumbui sana, ila kwenye kompyuta ya mwaka 2018 kila njia ina nusu ya kasi hiyo, na kumbukumbu yake ya 4GB ikijaa gemu huanza kushtuka-shtuka. Tena haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo kijana anayetaka kupandisha michezo yake YouTube atamwachia prosesa mzigo huo. GT 1030 siwashauri watu wainunue, na nawaonya zaidi juu ya ile ya kumbukumbu ya DDR4, ambayo ina jina lile lile ingawa kasi ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi moja tu ya ile ya GDDR5.

Kadi bandia zipo, na zinaumiza watu wenye kipato kidogo kuliko wote. Kadi ya zamani sana huandikiwa upya programu yake ya ndani ili Windows iitambue kama 1050 Ti, ikabandikwa stika mpya na kufungwa kwenye boksi safi. Ishara ya kwanza unaweza kuiona ukiwa umesimama dukani: chipu ya 1050 Ti haitoi tena picha ya analogi, kwa hiyo ukikuta tundu la VGA la rangi ya buluu kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, tia shaka mara moja. Ishara ya pili inahitaji kompyuta. Fungua programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure na inatosha kwenye flashi, usome jina la chipu: 1050 Ti halisi husomeka GP107 na ina viini 768. Jina linaloanza na GF ni la chipu ya mwaka 2010 au 2011. Baada ya hapo omba uachiwe dakika 15 za kuendesha FurMark, programu inayoipa kadi mzigo mzito, huku ukitazama joto. Likipita nyuzi 85, au picha ikianza kuwa na madoa na mistari, mrudishie muuzaji kadi yake kwa heshima na uondoke.

Tundu hilo la VGA lina upande wake wa pili. Monita nyingi za mtumba zina VGA peke yake, na kadi nilizozitaja zinatoa HDMI, DisplayPort au DVI ya kidijitali. Weka pembeni pesa ya adapta inayobadilisha mawimbi kweli, yenye chipu ndani, maana waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande mwingine hautoi picha.

Wapo watakaoniambia kwamba wanataka kujenga kompyuta mpya kabisa, kipande kwa kipande. Kwao pawa saplai ndiyo mahali pa kutobana matumizi. Nina moja mezani niliyoitoa kwenye kompyuta iliyoungua madabodi na diski kwa pamoja. Kasha lake limeandikwa 500W kwa herufi kubwa, lakini ukilishika mkononi ni jepesi kama boksi tupu, na jedwali dogo ubavuni linasema mstari wa volti 12 una ampea 14. Zidisha: 12 mara 14 ni wati 168. Prosesa na kadi hula kutoka mstari huo, kwa hiyo hizo 168 ndizo wati zake za kweli. Mtu akiitegemea kuendesha RX 580, kadi nzuri ya mtumba yenye 8GB na nguvu kuzidi 1650, lakini inayotumia wati 185 peke yake, anajitafutia hasara. Soma jedwali hilo dukani, uzidishe kwa simu yako, na usiione haya kumkawiza muuzaji.

Njia nyingine kwa mjenzi mpya ni Ryzen 5 5600G, prosesa yenye viini sita na grafiki ndani yake, inayokuwezesha kuanza bila kadi. Niliipendekeza sana miaka iliyopita. Leo naipendekeza kwa tahadhari, kwa sababu grafiki hiyo hutegemea RAM ya haraka ya vipande viwili, na bei ya RAM ilipanda vibaya duniani mwishoni mwa 2025 wakati vituo vya akili mnemba vilipoanza kuigombania. Kompyuta ya ofisini inakuja na RAM yake ya DDR4 ndani, na kwa sasa hilo peke yake ni nafuu kubwa.

RAM iwe 16GB kwa vipande viwili vya 8GB, kwa maana kipande kimoja hunyima prosesa nusu ya njia ya kumbukumbu. SSD, yaani diski ya haraka, iwe ya 512GB: GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015 ilidai GB 65, na nyingi zilizofuata zimezidi hapo, kwa hiyo ya 256 itakulazimisha kufuta gemu uliyoilipia bando. Taa za rangi na kasha la kioo viache. Kama umeme wa mtaani kwenu hukatika na kurudi kwa kishindo, pesa hiyo ni ya UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na ukumbuke kuwa 650VA iliyoandikwa mbele kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400, zinazotosha kompyuta hii na monita yake.

Yule kijana tulimtafutia mwenye duka aliyekubali kubadilishana kompyuta nyembamba kwa mnara wa modeli ile ile, akaongeza kidogo. Kadi yake aliiuza kwa mtu mwenye pawa saplai ya kuiendesha, akachukua 1650 isiyo na tundu la pini. Alipoiwasha nyumbani alinipigia akisema gemu ni nzito kama zamani. Nilimwomba atazame nyuma ya kasha aniambie waya wa monita umechomekwa wapi, kwenye madabodi, ambako kadi haihusiki na picha, au kwenye kadi. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia kasha likiburutwa sakafuni.