Subira si kunyamaza

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi, ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Nyumba nyingi za Pemba ziliamkia msiba. Nilikuwa Wete siku zile, na neno nililolisikia kuliko yote ni "subiri". Mama kapotelewa na mwanawe, akilia tu, anaambiwa subiri. Mzee kainama barazani machozi yanamchuruzika, anaambiwa jikaze, wewe mwanamme. Waliosema walikuwa na nia njema, nawajua. Lakini walimtwika mfiwa mzigo wa pili: kufiwa, na kuficha kuwa amefiwa. Kauli kama hizo, na nyingine tulizozizoea, nazipima hapa moja moja.

"Mwenye subira halii"

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Tunaiegemeza kwenye dini, nayo dini haisemi hivyo. Nabii Yaakub, aliyesema "subira njema", ndiye huyo huyo aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kuwa sikitiko lake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Alilia, na akasema, na bado tunamtaja kila tukizungumzia subira. Mtume Muhammad (S.A.W.) naye alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba. Waliposhangaa, akawaambia kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya, ya zama za kabla ya Uislamu. Machozi hayamo katika makatazo hayo.

Na huzuni iliyozibiwa mlango haiondoki, hubaki ndani ikamla mtu. Usingizi humpaa, chakula hakipiti, alichokuwa akikipenda hakitaki tena, asubuhi anaamka kachoka kama aliyeshinda shamba. Hali hii ikimkaa mtu wiki mbili au zaidi, huenda ikawa ni sonona, na sonona ni maradhi yanayotibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sisi tunasema ana sheitani, au imani yake haba. Jina la Kidongo Chekundu tumeligeuza tusi la mitaani, wakati pale ni hospitali ya maradhi ya akili, na anayekwenda pale kwa maradhi yake hana tofauti na anayekwenda kupimwa presha. Kumsomea mgonjwa dua ni jambo jema. Kumzuia asende kwa daktari eti kwa kuwa amesomewa, huko ni kumdhulumu.

"Siri ya nyumba haitoki nje"

Somo, yaani kungwi, humfunda mwari asitangaze ya chumbani mwake, na hapo somo ana haki. Tatizo ni pale msichana anaporudi kwao jicho limevimba, naye anaambiwa, "Rejea kwa mumeo, mwanangu, ndoa ni kuvumilia." Siri ni kitu kimoja na dhulma ni kitu kingine. Bibi Khaula bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe, na hakuambiwa anyamaze: ikashuka Suratul Mujadila, ambayo aya yake ya kwanza inasema Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno ya mwanamke huyo. Na Suratun Nisaa, aya ya 35, inaamrisha mke na mume wakihofiwa kufarakana apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Kwa hiyo kuyatoa mambo kwa wanaoweza kusuluhisha ndiyo adabu yenyewe. Wakishindwa wazee, yuko kadhi. Na akipigwa mtu, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Mzazi anayemrudisha mtoto kwenye kipigo ili watu wasiseme, huyo amelinda jina lake tu. Mtoto hakumlinda.

"Simsengenyi, nasema kweli"

Hii ni ya barazani kila jioni, kahawa mkononi. Mtume aliulizwa swali hili hili, akajibu kuwa ukimtaja ndugu yako kwa analolichukia nalo analo, umemsengenya. Na kama hanalo, umemzulia. Ukweli wa habari haukuokoi.

"Eda ni miezi minne na siku kumi kwa kila mjane"

Eda ni muda anaokaa mke baada ya kufiwa na mumewe, lakini si kila mjane hukaa miezi hiyo. Mwenye mimba eda yake humalizika anapojifungua, hata kama ni siku chache baada ya mazishi. Na mjane akiumwa, eda haimzuii kwenda hospitali. Nimeona wajane wakivumilia homa ndani kwa kuogopa maneno ya majirani.

"Mfiwa lazima alishe watu"

Watu wanakopa mchele na ng'ombe ili matanga yasije yakasemwa. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Chakula kilitoka kwa majirani kikenda kwa wafiwa. Sisi tumekigeuza njia.

Yule mama wa Wete, siku ya nne mikeka ilikuwa imeshakunjwa na sote tumerudi kwenye shughuli zetu. Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa pili alibisha hodi na bakuli ya uji wa pilipili manga. Hakumwambia subiri. Alikaa chini karibu naye, akamwambia, "Hebu nihadithie, mwanangu, alikuwa mtoto wa namna gani?" Mama yule alihadithia, akalia, akacheka mara moja, akalia tena, mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.