Je, wajua? "Mashine ya moshi" haitoi moshi, na kinachoiziba si masizi

Watu wengi huiita mashine ya moshi, na jina hilo ndilo lililonipotosha. Mara ya kwanza kuletewa moja iliyogoma, ile ya kawaida inayomwaga wingu jeupe jukwaani na kwenye kumbi za muziki, nilipiga hesabu ya haraka: pafukapo moshi pana moto, na penye moto hapakosi masizi, basi humu ndani masizi yamejaa. Nikatafuta waya mwembamba nikaanza kuuchokoa mdomo wa mashine. Waya uliingia, ukatoka safi, bila hata alama nyeusi. Nikachokoa tena kwa nguvu zaidi. Mashine haikubadili msimamo, ila sasa mdomo wake ulikuwa na mkwaruzo ambao asubuhi haukuwapo.

Waya haukuwa na kosa kubwa kama neno moshi lilivyokuwa nalo. Na swali likabaki palepale: kama humu hamna masizi, mashine hizi zinazibwa na nini?

Moshi ni mabaki ya kitu kilichoungua: chembe za kaboni, lami na gesi, vyote vikipanda pamoja. Ndani ya mashine hii hakuna kinachoungua, walau ikiwa nzima. Tangini mna kimiminika ambacho ni maji yaliyochanganywa na glikoli, au gliserini (vimiminika visivyo na rangi, vizito kuliko maji), au vyote viwili. Pampu ndogo hukivuta kupitia chujio na kukisukuma kwenye hita, yaani kipande kizito cha chuma, mara nyingi alumini, kinachopashwa moto kwa umeme na chenye mrija mwembamba uliojikunja ndani yake. Joto humo hupita nyuzi 200 za Selsiasi. Kimiminika huingia mrijani kikiwa baridi, na upande wa pili hutoka mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,600, na kutanuka huko ndiko kunakolirusha wingu hadi katikati ya jukwaa. Pampu inalisha tu. Mashine nyingi za aina hii hazina hata feni.

Cha ajabu ni kwamba ukungu wenyewe haumo ndani ya mashine. Zima taa za chumba, mulika tochi ubavuni mwa mdomo, kisha bonyeza kitufe. Utaona kwamba pale pale mdomoni hakuna kitu: kuna nafasi tupu, angavu, ya upana wa kidole hivi, halafu ndipo weupe unapoanza. Mvuke unapita katika nafasi ile, lakini mvuke halisi hauonekani kwa macho. Ukishakutana na hewa baridi ndipo unapojikusanya kuwa matone madogo mno, kipenyo chake kikiwa kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na matone hayo hutawanya mwanga tukaona weupe. Birika linalochemka hufanya hivyo hivyo kwenye mdomo wake. Ni vile tu hatuna kawaida ya kulimulika.

Nilipojifunza hilo nikahamia kosa la pili: basi ni mvuke wa maji. Nalo si kweli. Wingu la birika hufifia ndani ya sekunde chache kwa sababu tone la maji matupu hukauka upesi. Glikoli haina haraka hiyo. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188, trietilini glikoli huchemka karibu na nyuzi 285, kwa hiyo tone lenye kiasi chake huning'inia hewani dakika kadhaa, likisubiri taa za rangi zilipige. Si moshi wala si mvuke. Ni ukungu, yaani matone. Kengele ya moto inayofanya kazi kwa mwanga haiijui tofauti hiyo. Inaona kitu kimeutawanya mwanga wake, inalia, na ukumbi mzima unatoka nje kwa sababu ya matone ya glikoli.

Huenda nimekaa sana kwenye jambo hili, lakini dhana uliyo nayo kuhusu kinachotoka mbele ndiyo itakayoamua utatafuta nini ndani. Anayeamini moshi atatafuta masizi. Anayeamini mvuke wa maji atatia maji matupu tangini na kushangaa kwa nini wingu linakufa.

Tunayo maneno mawili yanayoumaliza ubishi huu jikoni. Masizi hukaa nje ya sufuria, nayo huletwa na moto. Ukoko hukaa ndani, chini kabisa, na huletwa na kile kile ulichokuwa unapika, kikaachwa motoni kupita wakati wake. Mashine ya ukungu haina masizi kwa sababu haina moto. Ina ukoko.

Ukoko huo hupikwaje? Weka jikoni sufuria yenye maji na sukari. Mwanzoni yanachemka kama maji ya kawaida. Maji yanapoondoka, sukari inabaki, na kilichobaki kinakuwa kizito. Endelea tu: kinakuwa cha kuvutika, kisha cha rangi ya chai, kisha cha kahawia, na mwisho kinaganda chini ya sufuria kiasi kwamba kijiko hakikitoi. Hukuongeza uchafu wowote. Uliondoa tu kilichokuwa tayari kuondoka.

Mrijani huwa hivyo hivyo, ila si wakati ule ambao mtu angedhani. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, kila tone linasukumwa na linalolifuata. Hakuna linalopata muda wa kukaa. Balaa huanza ukiachia. Pampu inasimama papo hapo lakini hita bado ni ya moto, na ndani ya mrija kuna kimiminika kilichokatiwa safari. Maji yanachemka kwanza, yanatoka. Glikoli nyepesi inafuata. Nzito zinajikokota nyuma, zinaendelea kupikwa, zinageuka utando unaonata kama varnishi. Juu ya hayo weka chumvi za maji, kama kimiminika kilichanganywa kwa maji ya bomba. Chokaa ina tabia yake ya pekee: tofauti na chumvi nyingi, yenyewe huyeyuka vibaya zaidi maji yakiwa ya moto, kwa hiyo hujitenga na kushika pale pale penye joto kali. Birika lako linaweza kubeba ukoko wa chokaa miaka na miaka kwa kuwa lina nafasi. Mrija wa milimita chache hauna. Kwa kimiminika kinachopita taratibu, ukipunguza kipenyo cha mrija kwa nusu, kinachopita hushuka hadi sehemu 1 ya 16 kwa msukumo ule ule. Ndani ya hita mambo yana vurugu zaidi ya kanuni hiyo, kwani mvuke na maji hupigana vikumbo mle, kwa hiyo usiishike namba yenyewe; shika tu kwamba ukoko mwembamba hugharimu sana.

Kwa maana hiyo, kusubiri kunaweza kuiumiza mashine kuliko kazi. Ile inayowashwa alasiri, ikatoa ukungu mara mbili, kisha ikaachwa na taa yake ya "tayari" hadi usiku wa manane, inajipikia ukoko polepole. Kiasi gani, hutegemea kimiminika: kilichochanganywa nyumbani kwa gliserini nyingi hunata haraka kuliko kile cha glikoli. Ghalani nako si salama sana. Gliserini haikauki kwenye joto la chumba, badala yake huvuta unyevu wa hewani, na matone yaliyobaki kwenye pampu hugeuka gundi inayoshika pistoni.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza. Mashine iliyonyamaza ghafla katikati ya kazi kwa kawaida haijaziba, inapumzika, na nimewaona watu wakiipiga makofi bure. Kugeuza mililita 1 ya maji ya kawaida kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2.6. Hita ya wati 400 huchukua sekunde sita na ushee kuzitoa. Pampu haingoji hivyo. Hukopa joto lililowekwa akiba ndani ya hita. Kilo 1 ya alumini ikishuka nyuzi 40 hutoa kilojuli 36, zinazotosha mililita 14 hivi za maji. Akiba ikipungua, themostati, yaani swichi inayofuata joto la hita, huikatia pampu umeme hadi joto lirudi. Bila hivyo mdomo ungetema maji ya vuguvugu sakafuni. Ipe dakika chache.

Mashine iliyoziba hainyamazi. Inanguruma. Pampu yake ni koili ya umeme yenye pistoni na springi ndani, aina ile ile iliyomo kwenye mashine nyingi ndogo za kahawa ya espreso, na kwa umeme wa hezi 50 pistoni hupiga mara 50 kwa sekunde. Ikisukuma kimiminika kwa raha, sauti huwa ya wastani. Ikivuta hewa, kwa sababu tangi ni tupu au mrija wa kunyonya umetoka mahali pake, hupiga kelele za ukavu. Ikisukuma kitu kilichoziba, sauti hubana, huwa nzito, na mbele hutoka uzi mwembamba wa ukungu au hakuna kitu.

Kujua kama ugonjwa uko kwenye pampu au kwenye hita, fundi huchomoa plagi, huacha mashine ipoe kabisa, hufungua kifuniko, hutenganisha mrija unaotoka pampu kwenda kwenye hita, na kuuelekeza kikombeni. Pampu ikijaribiwa na kikombe kikapata kimiminika, pampu ni nzima na ukoko uko kwenye hita. Kikombe kikibaki kikavu, anza na chujio la tangini, halafu pampu. Tatizo la jaribio hili ni kwamba pampu haiamki mpaka hita iwe ya moto, maana yake unafanya kazi mbele ya umeme ulio wazi na chuma cha nyuzi 200 na ushee. Asiyezoea umeme ampishe anayeuzoea.

Kuzibua kwenyewe ni kazi ya subira. Dawa inayotumika zaidi ni siki nyeupe pamoja na maji yaliyokenekwa, ambayo mtaani wengi huyaita maji ya betri. (Maji, si asidi ya betri; chupa hufanana.) Wapo wanaochanganya nusu kwa nusu, wapo wanaotia siki kidogo tu. Fungua madirisha, tia mchanganyiko tangini, acha mashine ipate moto, bonyeza kitufe kwa vipindi vifupi, zima, iache usiku kucha, kesho rudia. Siki ikianza kufanya kazi mdomo hukohoa, hutema matone ya rangi ya chai, pengine na vijiwe vyeupe vidogo kama chenga za ganda la yai. Baada ya hapo pitisha maji yaliyokenekwa peke yake hadi harufu iishe, kisha kimiminika cha kawaida.

Siki ina mipaka yake. Huyeyusha chokaa vizuri, lakini ule utando wa glikoli iliyoivishwa hauijali sana, ndiyo maana kuna mashine zinazofufuka kwa kikombe kimoja na nyingine zisizofufuka kwa lita tatu. Pia ni asidi, nayo alumini na shaba nyeupe havipendi kukaa nayo. Watengenezaji wengine huikataza na kutaka dawa yao wenyewe. Kijitabu cha mashine kikisema hivyo, kifuate. Usiache pampu izunguke kavu hata kidogo, kwa sababu kimiminika ndicho kinachoilainisha na kuipoza. Ule waya nao uache. Tundu la mdomo limetobolewa kwa kipimo, na ukoko wenyewe kwa kawaida umejificha kwenye mikunjo ya ndani ambako waya haufiki.

Kuhusu kuhifadhi, mafundi wamegawanyika. Wengine humwaga kila kitu, wengine huacha kimiminika ndani ili pampu isikauke. Wote wanakubaliana kwamba maji matupu yasiachwe humo, kwani huleta kutu.

Kuna hali moja ambapo mashine haingurumi, haipati moto, na hata taa yake ya "tayari" haiwaki. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni fyuzi ya joto, kifaa kidogo kilichobanwa kwenye hita ambacho hukatika mara moja tu, joto likipita kiwango. Fyuzi mpya hufungwa kwa kubana nyaya kwa koleo, si kwa kuchomea risasi, maana joto la kuchomea linaweza kuikata kabla hata hujaifunga. Usiiunganishe pembeni kwa kipande cha waya ili kazi iende. Ilikatika kwa sababu, na mara nyingi sababu ni themostati iliyoganda ikawa haikati tena. Hita isiyo na wa kuizuia ikikaribia nyuzi 290, gliserini huanza kuvunjika na kutoa akrolini: harufu kali ya mafuta yaliyoungua, macho yanawasha, koo linakereketa. Ukiisikia harufu hiyo, ujue jina la mtaani limekuwa kweli, na sasa una mashine ya moshi. Chomoa plagi.