Kanuni Nayo Inasimulia

Wanaoanza kuongoza michezo ya kuigiza ya mezani (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, kiongozi anasimulia, dadu inaamua) hapa Dar es Salaam huniuliza sana swali hili: nifuate kanuni au nifuate hadithi? Mimi nawaambia kanuni nayo inasimulia. Kazi ya kiongozi ni kujua kila kanuni inasimulia nini, kisha aiite panapostahili.

Chukua Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Chimbuko lake ni michezo ya vita ya vijisanamu, lakini kwenye kanuni zake za mwanzo mhusika alipanda daraja zaidi kwa hazina aliyotoka nayo shimoni, yaani kwenye mapango ya chini ya ardhi wanamokwenda wahusika, kuliko kwa mazimwi aliyoyaua. Kwa hesabu hiyo, mchezaji mwenye akili alilikwepa zimwi na kubeba dhahabu. Kwa hiyo kabla hujatunga mkasa, angalia mchezo wako unalipa nini. Ukitaka hadithi ya udugu na usaliti huku pointi zote zinatoka kwenye mapigano, utapata mapigano.

Mkasa ninaoupenda kuuongoza unatokea Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa mwaka 1505. Mezani naweka karatasi yenye duara lililogawanywa vipande sita. Kila wahusika wanapokaa bandarini kuvutana bei, kutafuta mabaharia au kulipiza kisasi, kipande kimoja kinapakwa penseli. Duara likijaa, kaskazi imekwisha, na jahazi la kwenda Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, kufuata dhahabu halitoki tena mpaka msimu mwingine. Sina haja ya kumhimiza mtu. Wanalitazama duara, kisha wanaanza kubishana wenyewe: tumlipe huyu anachotaka tuondoke, au tumngoje mwenzetu? Na wote mezani wanajua kwamba Julai ya mwaka huohuo meli za Mreno Francisco de Almeida zitaishambulia Kilwa. Wahusika wao hawajui. Hofu hiyo yote inabebwa na vipande sita vya penseli, bila hotuba yoyote kutoka kwangu.

Kwenye dadu nina msimamo mkali zaidi: haitupwi kama kushindwa hakutazaa kitu. Mchezaji anayeigiza karani alikuwa anapekua nyumba ya tajiri mmoja usiku, akitafuta barua ambayo bila hiyo mkasa hauendi mbele. Tungetupa dadu kuamua kama anaiona, na asiione, meza nzima ingekwama. Basi barua ataipata. Swali la dadu likawa ataipata kwa gharama gani.

Hapo mimi hutumia utaratibu wa Apocalypse World, mchezo wa mwaka 2010 wa Vincent Baker. Unatupa dadu mbili za kawaida: 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa lakini kuna la kulipia, 6 kushuka chini mambo yanaharibika. Bila nyongeza yoyote, kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 15 yanaangukia hapo katikati, na hapo ndipo hadithi hunoga. Karani wetu alipata 8. Barua mkononi, lakini wino umemwagikia kanzu yake nyeupe, kesho Ijumaa, na mwenye nyumba husali safu ya mbele, ubavuni kwake. Watu walishika vichwa.

Dadu yenye pande 20 haina katikati kama hiyo. Kila namba ina nafasi ileile ya asilimia 5, 1 sawa na 20. Inafaa kwa mikasa ya bahati na mshtuko. Nikitaka fundi aonekane fundi, siitumii.

Wapo wanaosema tuziache kanuni kabisa, tusimulie tu. Siafiki hata kidogo. Mji huu umejaa mafundi wa maneno, na pasipo kanuni fundi wa maneno anashinda kila kitu, aigize mfalme au punda. Mwenzake mkimya anabaki kutikisa kichwa mpaka usiku. Kwa hiyo mezani kwangu mchezaji anataja kwanza mhusika wake anataka nini, dadu inatupwa, ndipo maneno yanafuata. Mkimya anayeigiza nahodha mwenye ulimi wa asali akipata 11, mtoza ushuru amelainika, hata kama alichoweza kutamka ni: "Mzee wangu, tunaomba tupite."