Je, ushindani pekee hushusha bei ya bima ya afya?

Wengi huamini kwamba serikali ikijiondoa, bima ya afya itashuka bei kama bidhaa nyingine. Si kweli. Chukua watu 100: wazima 90, kila mmoja akigharimu sarafu 10 kwa mwaka, na wagonjwa 10, kila mmoja 500. Jumla ni 5,900, hivyo kila mtu atachangia 59. Wazima 40 wakijitoa kwa kuona wanalipa kupita kiasi, mchango unapanda hadi karibu 92, na wengine watawafuata. Kampuni nazo, kwa kujilinda, huwakwepa wagonjwa, walewale wanaoihitaji bima! Uswisi, tangu 1996, sheria humlazimu kila mkazi kujiunga. Kampuni hushindana, lakini haziruhusiwi kumkataa yeyote katika bima ya msingi. Zenye wanachama wenye afya zaidi huzifidia zenye wagonjwa wengi.