Kuachilia kumbukumbu si kuifuta

Wiki hii nimeisikia tena. Mtu alikuwa akieleza jinsi draiva (programu inayoendesha kifaa) aliyoiandika inavyolinda ufunguo wa siri, akafika mwisho akasema bila wasiwasi wowote: "Halafu tunaita kfree, kwa hiyo ufunguo unafutwa." Kfree ni fanksheni ya Linux ya kuachilia kumbukumbu. Hakuna aliyeshtuka. Hata mimi nilinyamaza, maana kikao kilikuwa kimeshavuka muda wake, lakini neno lile nimeondoka nalo.

Maana kwanza, na niipitie haraka. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayosimamia kumbukumbu yote ya mashine. Sehemu yoyote ya kerneli ikihitaji nafasi humwomba mgawaji (sehemu ya kerneli inayogawa nafasi), hupewa anwani, huitumia, na ikimaliza huita fanksheni (amri yenye jina) ya kuachilia. Kuachilia ni kumwambia mgawaji: nafasi hii sina haja nayo tena, mpe mwingine ukitaka. Basi, ndiyo maana yote. Kilichokuwamo ndani hakikutajwa popote.

Nadhani tumeponzwa na neno kumbukumbu lenyewe. Linatokana na kitenzi kumbuka, na kabla ya kompyuta lilihusu yale yaliyobaki akilini, au maandishi yaliyowekwa ili jambo lisisahaulike. Kumbukumbu ya namna hiyo haina chombo kilicho kando na yaliyomo. Ukiyaondoa yanayokumbukwa, hakibaki kitu cha kuitwa kumbukumbu. Ndiyo maana "kufuta kumbukumbu" hakukwaruzi sikio la mtu. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ni mahali. Ina anwani, ina ukubwa, ina mpaka na jirani. Laiti tungeizoea kwa jina la nafasi tangu mwanzo, nusu ya mkanganyiko huu usingekuwapo, kwa sababu hakuna mtu anayeinuka kitini akasema amekifuta kiti.

Nusu nyingine imetoka kwa wafasiri. Fanksheni mashuhuri ya kazi hii katika lugha ya C inaitwa free, na Kiingereza hulitumia neno hilo moja kwa mambo ambayo sisi tunayatenga: kitu cha bure, mtu aliye huru, kiti kilicho wazi. Baadhi ya wafasiri wakashika la pili, tukapata "kuweka huru kumbukumbu". Huru ni neno lililotoka Kiarabu, na lilimtenga muungwana na mtumwa. Ukilitumia hapa unachora kumbukumbu kama mfungwa aliyefunguliwa mlango akaenda zake. Sivyo ilivyo. Kumbukumbu ya kerneli haikai hata nukta moja bila mwenyewe: ikitoka kwa aliyeiomba, iko kwa mgawaji. Kama kuna aliyewekwa huru, ni yule aliyekuwa ameishika, kwa kuwa ametuliwa mzigo wa kuitunza. Maana inayofaa ni ile ya tatu, kuwa wazi, kama chumba ambacho mpangaji amehama. Katika Linux, herufi GFP zinazoonekana kwenye kila ombi la kmalloc, fanksheni ya kuomba nafasi, ni kifupi cha "pata kurasa zilizo wazi" kwa Kiingereza (ukurasa ni fungu la kumbukumbu la ukubwa maalumu), na hapo hakuna utumwa wala uhuru unaozungumzwa.

Achilia lenyewe ni neno zuri, na linasema kweli kuliko hata la Kiingereza. Mzizi ni acha. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata achia, ukikirudia unapata achilia, na kila hatua mkono unazidi kulegea. Aliyeachilia kamba hajaikata. Kamba ipo, fundo zake zipo, na upande wa pili kuna mtu ameishika. Kufuta ni kazi nyingine kabisa: kunahitaji kitambaa kipite juu ya uso wote, na uso ukiwa mkubwa kazi inakuwa kubwa. Kuachilia kipande cha baiti 64 na cha baiti 4,096 kwa mgawaji ni karibu kazi ileile. Kuvifuta hakulingani hata kidogo.

Tazama kinachotokea hasa. Katika Linux, kfree ikipewa anwani hutafuta ukurasa anwani hiyo ilipo, kwenye ukurasa inaona kipande ni cha kundi gani, kisha inakiunga kwenye orodha ya vipande vilivyo wazi vya kundi hilo. Orodha yenyewe mara nyingi huwekwa ndani ya vipande hivyohivyo: kila kilicho wazi kinabeba anwani ya mwenzake. Kwenye mashine ya biti 64 hiyo ni baiti 8. Zilizobaki zinakaa kama ulivyoziacha. Ufunguo wa siri wa baiti 32 unaweza kubaki na baiti 24 zake salama salimini, zikimsubiri atakayegawiwa kipande hicho kesho.

Si uzembe. Mwaka 1994 Jeff Bonwick alieleza mgawaji wa slabu (anayetenga vipande kwa makundi ya vitu vya aina moja) aliyeundwa kwa ajili ya SunOS 5.4, kiini cha mfumo endeshi wa Solaris, na wazo lake kuu lilikuwa kwamba yaliyomo yasipotee. Aliona kwamba kerneli hutengeneza vitu vya aina moja mara nyingi mno, na kuvitayarisha (kuweka sawa kufuli zake, zinazozuia wawili wasikiguse kwa pamoja, na orodha zake tupu) kunaweza kugharimu kuliko hata kutafuta nafasi. Basi kitu kitayarishwe mara moja tu, na anayekirudisha akirudishe kikiwa bado katika hali ile ya utayari, ili anayefuata akikute tayari. Katika mpango huo, anayefuta wakati wa kuachilia anaharibu. Ni kama mgeni anayevunja kitanda kabla ya kurudisha ufunguo, eti anasafisha chumba.

Hapo mtu huuliza: mbona basi programu yangu haioni mabaki ya programu nyingine? Kwa sababu kufuta kupo, ila kumewekwa upande wa kugawa. Kerneli hujaza sifuri kwenye ukurasa kabla ya kuukabidhi kwa programu ya mtumiaji. Windows imelipanga jambo hili kwa namna ambayo ningetamani kila mwalimu aionyeshe: ina orodha ya kurasa zilizo wazi, na kando yake ina orodha nyingine ya kurasa zilizokwisha kujazwa sifuri, na uzi (kazi inayoendeshwa pembeni) wa kipaumbele cha chini kabisa unaozihamisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili mashine isipokuwa na shughuli. Wazi na iliyofutwa, orodha mbili. Lakini ndani ya kerneli yenyewe, kipande kikitoka kwa draiva moja kwenda kwa nyingine, kwa kawaida hakuna anayekipangusa katikati.

(Najua, kuna atakayesema amechungulia kipande kilichoachiliwa akakuta kimejaa baiti 0x6b, namba ileile ikijirudia, mwanzo hadi karibu na mwisho. Amewasha ukaguzi. Hiyo ni sumu inayomwagwa makusudi ili anayetumia anwani aliyokwisha kuiachilia aumbuke mapema. Solaris nayo ina 0xdeadbeef yake. Na tangu Linux 5.3 ya mwaka 2019 unaweza kuwasha init_on_free, kerneli ikafuta kila kinachoachiliwa. Huo ni uamuzi wa aliyewasha, na unalipiwa kwa muda wa prosesa. Si maana ya neno.)

Anayetaka kufuta kweli anayo fanksheni yake, na historia ya jina lake ndiyo hoja yangu nzima. Iliitwa kzfree, kwa kuigiza kzalloc, ambayo hugawa nafasi iliyojazwa sifuri. Mwaka 2020, katika toleo la 5.9, ikabadilishwa kuwa kfree_sensitive. Hoja ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ilikuwa kwamba ulinganifu wa majina unapotosha pale ambapo matumizi hayalingani. Anayeita kzalloc anazihitaji zile sifuri, atazitumia. Anayeita kzfree hana haja na sifuri hata moja. Haja yake ni siri isibaki, na ingejazwa takataka yoyote nyingine asingejali. Jina likahama kutoka kwenye kitendo kwenda kwenye sababu. Mwaka huohuo ikashughulikiwa aibu nyingine: ufutaji wenyewe ulikuwa unatumia memset ya kawaida, fanksheni ya kujaza kumbukumbu kwa thamani moja, na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiona unaandika mahali ambapo hapasomwi tena, ina haki ya kuuondoa mstari huo. Yaani mtu anaweza kuandika kwamba anafuta, programu ikajengwa bila kosa lolote, na ufutaji usiwepo. Ndiyo maana siku hizi inatumika memzero_explicit, ambayo kompaila hairuhusiwi kuiondoa.

Ukishaona kwamba kuachilia ni kukabidhi, hata usanifu wa fanksheni hizi unaanza kueleweka. Swali linalowagawa wasanifu ni nani anakumbuka ukubwa. Katika Unix toleo la 6, mwaka 1975, mfree ya kerneli ilidai uiambie anwani na ukubwa pia. Mgawaji hakuandika popote alikupa kiasi gani. Mwaka 1988 McKusick na Karels, wakiijengea 4.3BSD, toleo la Unix, mgawaji mpya wa kerneli, waliona ni afadhali mgawaji akumbuke mwenyewe, ili waandishi wa kerneli wapate urahisi uleule wanaoupata wakiandika programu za kawaida. Solaris ilibaki na kmem_free inayotaka ukubwa. OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD, mwaka 2014 ikalirudisha dai hilo la ukubwa kama ushahidi: mgawaji anaujua ukubwa, lakini wewe nawe useme, na mkitofautiana kerneli isimame palepale. Binafsi naiona ya OpenBSD kuwa ya busara zaidi. Asiyejua anarudisha kiasi gani huenda hajui anarudisha nini.

Pia ndiyo sababu kfree hairudishi jibu lolote. Kuomba kunaweza kukataliwa, kwa hiyo kmalloc inaweza kukurudishia anwani tupu, isiyoelekeza popote. Kurudisha hakuwezi kukataliwa, na hata kungekataliwa, aliyeita angefanya nini? Mara nyingi anaachilia akiwa tayari yuko kwenye njia ya kutoka baada ya kosa lingine. Kwa sababu hiyohiyo kfree ikipewa anwani tupu haifanyi kitu, inanyamaza, ili njia ile ya kutokea isijae masharti.

Kuna sehemu moja ninayokubali kwamba hata "kuachilia" linasema mapema mno. Kitu kikiwa na washirika wengi, hakiachiliwi na kila anayemaliza. Kila mmoja anaondoa jina lake kwenye hesabu, na wa mwisho ndiye anayesababisha kiachiliwe. Linux huiita hatua hiyo put, na kref_put ya kwanza kati ya tatu haiachilii chochote. Na kwa vitu vinavyosomwa bila kufuli kuna kfree_rcu, ambayo unaiita sasa, na nafasi inarudi kwa mgawaji baadaye, baada ya wasomaji waliokuwamo kutoka. Hapo ni ahadi ya kuachilia.

Kwa hiyo, ndugu wa draiva, sentensi yako ilihitaji kubadilishwa neno moja tu. Ukiita kfree, sema ufunguo "umeachiliwa", na msikilizaji makini atakuuliza mara moja kama bado unasomeka. Ukitaka kusema "umefutwa", ita kfree_sensitive badala yake.