Mabaka ya rangi kinywani na usoni: maana yake katika uchunguzi wa meno

Baka la rangi ni sehemu ya ndani ya kinywa, ya mdomo au ya ngozi ya uso ambayo rangi yake, iwe kahawia, nyeusi, buluu au zambarau, inatofautiana na ya sehemu zinazoizunguka. Rangi hiyo hutokana na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, na damu, au na kitu kilichoingia kutoka nje, kama chembe za amalgamu, mchanganyiko wa metali wa kuzibia meno, zinazobaki ndani ya ufizi karibu na jino lililozibwa.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, fizi za kahawia au nyeusi ni jambo la kawaida kabisa, na inasikitisha kuona mtu akitishwa kwa sababu yake. Weusi huo wa asili hulingana kulia na kushoto, haubadilishi umbo la ufizi, na kwa kawaida mtu huwa nao tangu ujana wake au kabla. Ndiyo maana swali la lini baka lilionekana, na kama limebadilika, lina uzito kuliko rangi yenyewe. Lililozuka ukubwani lina sababu ya kutafutwa: sigara hutia weusi fizi za mbele, klorokwini, dawa ya malaria, iliyotumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha rangi ya buluu na kijivu kwenye kaakaa gumu (sehemu ya mbele yenye mfupa ya paa la kinywa), na weusi unaoenea kinywani na kwenye ngozi ya mtu anayekonda na kuchoka huweza kuashiria ugonjwa wa Addison, yaani kushindwa kufanya kazi kwa tezi zilizo juu ya figo, ambazo kifua kikuu nacho huweza kuziharibu.

Usoni, vidoa vyeusi vilivyozunguka midomo tangu utotoni huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi wa Peutz-Jeghers, unaoambatana na vivimbe vya utumbo.

Baka la buluu au zambarau hubonyezwa kwa kipande cha kioo: damu iliyo ndani ya mishipa husogea na rangi ikafifia, ilhali iliyovuja haisogei. Zambarau isiyofifia kwenye kaakaa huweza kuwa sakoma ya Kaposi, saratani ambayo mara nyingi huwapata wenye VVU, na hapo mgonjwa hushauriwa kupima VVU.

Melanoma ya kinywa, yaani saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ni nadra, lakini hupenda kaakaa gumu na fizi za juu, na mwanzoni haiumi, hivyo hupuuzwa. Baka la upande mmoja, lenye kingo zisizo sawa na rangi mchanganyiko, linalokua au kutoa damu, hukatwa kipande kikapimwe maabara bila kusubiri.